RTX 3060 au RX 6600: kori mara mbili si nguvu mara mbili

*"Habari za kazi, fundi. Mimi napiga na kuhariri video za harusi hapa Morogoro. Nina Dell OptiPlex 7060 ya mtumba, ile ndefu ya mnara, Core i5-8500, RAM GB 16, haina kadi ya grafiki. Powasapulai yake imeandikwa 260W. Nahariri kwa DaVinci Resolve ya bure, na Blender natengenezea majina ya maharusi yanayozunguka. Usiku nacheza EA FC na GTA V na mdogo wangu kwenye monita ya 1080p ya 60Hz. Nimepata Kariakoo kadi mbili za mtumba: RTX 3060 na RX 6600. Hiyo ya pili ni nafuu kwa shilingi 150,000. Muuzaji anasema 3060 ina kori 3584 na mwenzake ina 1792, kwa hiyo nguvu ni mara mbili, halafu GB 12 zina kasi kuliko GB 8. Rafiki yangu ameangalia video za majaribio anasema kwenye gemu zinakwenda bega kwa bega. Nimsikilize nani? Hela yenyewe ni ya harusi nne, sitaki kuipoteza."*

Ndugu yangu, muuzaji hakukudanganya kwenye tarakimu. 3584, 1792, GB 12, GB 8, zote ni sahihi. Kosa lake liko kwenye hesabu aliyoipiga baada ya kuzisoma. Rafiki yako naye amesema kweli, ila ukweli wake ni wa gemu, na gemu siyo inayokulipa kodi ya nyumba.

Kwa kazi yako mimi ningechukua RTX 3060 ya GB 12, hata kwa hiyo 150,000 ya ziada. Lakini sababu zangu si zile alizokupa muuzaji, na ndani ya kompyuta yako kuna jambo ambalo usipolimaliza kwanza, hakuna kadi kati ya hizo mbili itakayokufaa. Jambo hilo umelitaja mwenyewe bila kujua: 260W. Nitalifikia.

Tuanze na kori, yaani vipande vidogo vya chipu vinavyopiga hesabu, kwa sababu ndiko watu wengi wanakopotezea hela. Ukichungulia ramani ya chipu za kadi hizi utakuta kitu cha kushangaza: zote mbili zimegawanywa katika vitengo 28. Vitengo vya NVIDIA, kampuni ya RTX 3060, kila kimoja kimehesabiwa kori 128, na 28 mara 128 ni 3584. Vya AMD, kampuni ya RX 6600, kila kimoja kimehesabiwa kori 64, na 28 mara 64 ni 1792. Sasa hiyo 128 imetoka wapi? Katika kizazi kilichotangulia, kile cha mwaka 2018, kitengo cha NVIDIA kilikuwa na njia 64 za hesabu za desimali na njia nyingine 64 za hesabu za namba kamili. Kilipokuja kizazi cha RTX 30 mwaka 2020, zile njia za namba kamili zilipewa uwezo wa kufanya na hesabu za desimali pia, na NVIDIA ikaanza kuzihesabu zote.

Fikiria karakana ya ushonaji yenye cherehani 128. Nusu yake ni za kushona tu. Nusu nyingine zinaweza kushona, lakini ndizo hizo hizo zinazotia vifungo. Shati likihitaji vifungo, cherehani hiyo imeacha kushona. Gemu ni kazi yenye vifungo vingi: NVIDIA wenyewe, walipokuwa wanaeleza kizazi cha 2018, walisema kwa kila amri 100 za desimali katika gemu za kawaida huja na nyingine 36 hivi za namba kamili. Kwa hiyo kori 3584 ni idadi ya kweli, lakini katika gemu hazishoni zote kwa wakati mmoja.

Halafu kuna mwendo wa cherehani yenyewe. Kasi ya kilele iliyotangazwa kwa RTX 3060 ni GHz 1.78, na kwa RX 6600 ni hadi GHz 2.49. Ukitaka ile namba ya terafulopu wanayoipenda wauzaji, yaani hesabu trilioni ngapi kwa sekunde, zidisha kori mara 2 mara kasi ya GHz, kisha gawa kwa 1000. Kwa 3060 ni 3584 × 2 × 1.777 ÷ 1000, unapata terafulopu 12.7. Kwa 6600 ni 1792 × 2 × 2.491 ÷ 1000, unapata 8.9. Kwa karatasi hiyo 3060 inaongoza kwa zaidi ya asilimia 40. Iweke kwenye gemu la 1080p, pengo linayeyuka: mara nyingi 3060 iko mbele kidogo tu, na katika baadhi ya gemu 6600 ndiyo inayotangulia. Kori na terafulopu zinafaa kulinganisha ndugu wa tumbo moja, mfano RTX 3060 na RTX 3060 Ti. Ukivuka kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, ni kama kulinganisha pishi na lita bila kuuliza kimepimwa nini.

Sasa kumbukumbu. Muuzaji amekwambia GB 12 zina kasi kuliko GB 8. Hapana. GB ni ukubwa wa meza ya kukatia vitambaa, haisemi chochote kuhusu wepesi wa mikono. Mradi wako ukitumia GB 5, kadi ya GB 12 haipati hata sekunde moja ya faida kutokana na GB 7 zilizobaki; zimelala tu. Faida inakuja siku kazi inapozidi GB 8, na siku hiyo tofauti si ya asilimia 10. Ni ya kufanya kazi au kukwama.

Kasi ya kumbukumbu ni namba nyingine kabisa. Unachukua kasi ya kila waya, unazidisha kwa idadi ya waya, unagawa kwa 8. RTX 3060 ya GB 12: 15 × 192 ÷ 8, yaani GB 360 kwa sekunde. RX 6600: 14 × 128 ÷ 8, yaani GB 224. Pengo kubwa, sivyo? Lakini AMD waliweka ndani ya chipu keshi, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, ya MB 32, mahali ambapo 3060 ina keshi ya MB 3 tu. Vitu vinavyorudiwarudiwa kutumika vinakaa humo, fundi hana haja ya kutembea hadi mezani kila mara. Mbinu hiyo inafanya kazi vizuri kwenye 1080p. Picha zikiwa kubwa zaidi, 1440p kwenda juu, vitu havienei tena kwenye keshi, na ndipo 3060 huanza kuvuta mbele. Wewe monita yako ni ya 1080p, kwa hiyo kwenye gemu hutaliona hilo.

Kuna jambo la kumbukumbu linalogusa kompyuta yako moja kwa moja, na katika majaribio mengi ya mtandaoni halionekani kwa sababu wapimaji hutumia mazabodi mpya. RTX 3060 huongea na mazabodi kupitia njia 16 za PCIe, ile barabara ya data kati ya kadi na mazabodi. RX 6600 hutumia njia 8 tu. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0, njia 8 hubeba karibu GB 16 kwa sekunde, zinatosha. OptiPlex yako ni ya PCIe 3.0, ambayo kila njia hubeba nusu ya hapo. Maana yake RX 6600 ndani ya mashine yako itapata karibu GB 8 kwa sekunde, wakati 3060 kwa njia zake 16 itapata karibu 16. Kumbukumbu ya kadi ikiwa bado ina nafasi, hutaona kitu. Ikijaa, kadi inalazimika kuazima RAM ya kompyuta kupitia barabara hiyo. Na tazama jinsi mambo yanavyokutana: kadi yenye meza ndogo ndiyo hiyo hiyo yenye barabara nyembamba ya kwenda stoo. Gemu linaanza kushtuka, linasimama nusu sekunde, linaendelea.

Kwa hiyo kwenye gemu jibu langu ni fupi. EA FC na GTA V kwenye 1080p, yoyote kati ya hizo mbili itajaza zile fremu 60 za monita yako, na zinazozidi hapo huzioni. Nikiwa na kijana anayecheza tu, ningemwambia achukue RX 6600, abaki na 150,000 yake, na kadi itakula umeme kidogo zaidi: 132W dhidi ya 170W. Tofauti ya 38W kwa saa 6 kila siku ni kama uniti 7 za LUKU kwa mwezi. RTX 3060 ina nguvu zaidi kwenye mwanga wa kufuatilia miale, na ina DLSS, ile teknolojia ya kukuza picha ndogo iwe kubwa kwa akili mnemba. FSR ya AMD, mwenzake wa DLSS, hadi toleo la 3 inafanya kazi kwenye kadi zote mbili, ingawa kwa macho yangu picha ya DLSS hutulia zaidi, hasa kwenye nyavu na majani. Kwa mechi ya mpira kati yako na mdogo wako hilo lisikunyime usingizi.

Tuje kwenye harusi. Hapa ndipo mizani inapolala upande mmoja.

Blender kwanza. Kadi za RTX zina sehemu maalumu za kufuatilia miale, na Blender huzitumia kupitia njia iitwayo OptiX. RX 6600 nayo inakubalika Blender tangu toleo la 3.0 la mwishoni mwa 2021, lakini kwenye kurenda, yaani kutoa picha za mwisho, kwa Cycles, injini ya Blender, 3060 huiacha mbali. Majina ya maharusi ya dhahabu yanayozunguka yakimeremeta ni miale mitupu: dhahabu inaakisi, kioo kinapitisha, taa zinarudi. Kipande cha sekunde 10 kwa fremu 25 ni picha 250. Ukiokoa sekunde 20 kwa kila picha, umeokoa zaidi ya saa moja na dakika 20 kwa jina moja la bwana na bibi harusi.

DaVinci Resolve inatumia kadi za pande zote mbili. Kinachoiumiza ni kumbukumbu kujaa. Ukiweka video ya 4K, ukapaka rangi, ukaongeza tabaka za Fusion, ile sehemu ya madoido ya Resolve, na maandishi, utakutana na ule ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU imejaa, na renda inakatika ikiwa asilimia 70, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Hapa GB 12 zinalipa. Si kasi unayoinunua, unanunua nafasi ya kumaliza.

Sasa nikuonye, maana hili ndilo linalowavunja moyo wapiga picha wengi baada ya kununua kadi. Hukuniambia unatumia kamera gani. Kama ni moja ya Sony za karibuni na unarekodi biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2, namna ya kuhifadhi rangi nyingi zaidi, hakuna kadi kati ya hizi mbili inayoweza kuzifungua faili hizo kwa maunzi yake. RTX 3060 haiwezi, RX 6600 haiwezi, na grafiki ya ndani ya i5-8500 haiwezi. Kazi inamwangukia kichakataji, na video itakatakata kwenye taimulaini vilevile kama leo. Usije ukasema fundi wa Dar alikudanganya. Dawa yake ni ya bure: ndani ya Resolve, ikiwa toleo lako la bure linazikubali faili hizo, tengeneza nakala nyepesi za video zako, hariri kwa hizo, kisha mwisho programu yenyewe irende kutoka kwenye faili asilia. Ziache zitengenezwe wakati unakula. Ukirekodi H.265 ya 4:2:0, ya kawaida, maunzi ya kadi zote mbili yana uwezo wa kuifungua, ila hakikisha kwanza kama Resolve ya bure inayatumia.

Haya, turudi kwenye 260W.

Kadi huchota umeme sehemu mbili: sloti ya mazabodi, isiyozidi 75W, na plagi ya pini 8 inayotoka moja kwa moja kwenye powasapulai, hadi 150W. RTX 3060 na RX 6600 zote zinataka plagi ya pini 8. Powasapulai ya 260W ya OptiPlex yako haina plagi hiyo. Na hata ingekuwa nayo, piga hesabu: 170W za kadi, 65W za kichakataji, weka 35W za diski, RAM na feni. Umefika 270W, na hujahesabu kwamba kadi hizi hudai umeme kwa mishtuko mifupi inayopita kiwango chake. NVIDIA inashauri powasapulai ya 550W kwa 3060. AMD inashauri 450W kwa 6600.

Utaambiwa kuna adapta ya bei ndogo inayogeuza waya za SATA kuwa pini 8. Nakuomba usiiguse. Mwaka juzi mteja aliniletea kompyuta iliyozimika katikati ya renda. Nilipofungua kifuniko, harufu ya plastiki iliyoungua ilinitangulia. Kichwa cha SATA kilikuwa cha kahawia, kimeyeyuka kikashikana na kipande cha adapta, na pini mbili zilikuwa zimegeuka bluu kwa joto. Kichwa cha SATA kimeundwa kubeba 54W kwenye waya wa 12V. Plagi ya pini 8 inaruhusiwa kuvuta 150W. Hata ukiunganisha vichwa viwili, ni 108W. Kadi yake ilipona, diski yenye harusi mbili haikupona. Nilikaa naye mpaka saa tano usiku tukijaribu kuzirudisha, tukapata robo tu.

Njia ya haki ni kubadilisha powasapulai. Ugumu wa OptiPlex ni kwamba mazabodi yake haitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24. Dell wana plagi yao, kwa hiyo utahitaji powasapulai ya kawaida ya 550W yenye jina la kuaminika pamoja na waya wa kubadilishia uliotengenezwa kwa modeli yako. Kabla ya kununua, fungua kifuniko, pima kwa rula urefu kuanzia sloti hadi kizimba cha diski, na uhakikishe kadi itaenea. Nyingi za feni mbili ni sentimita 20 hadi 25. Pima na tundu la powasapulai pia. Kama wewe hujawahi kufanya hivyo, hapa ndipo naomba umwone fundi ana kwa ana, pale pale Morogoro, mwenye kompyuta yako mbele ya macho yake. Kwa maandishi siwezi kuona waya umeingia ulivyotakiwa, na waya mmoja ukienda kinyume unapoteza mazabodi.

Jumlisha gharama hiyo na bei ya kadi. Ikivuka ulichonacho, usikope. Kuna RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwanzoni mwa 2024, inakula 70W tu, hivyo toleo lake la kawaida linaendeshwa na sloti peke yake bila plagi. Ina kori 2304 na kumbukumbu ya GB 168 kwa sekunde, ni dhaifu waziwazi kuliko 3060, na GB 6 zitakubana kwenye 4K. Lakini ni ya ukoo ule ule wa RTX, Blender itatumia OptiX, FC itacheza, na hutachokonoa umeme wa mashine. Kwa mtu wa harusi nne naiona kama njia ya heshima kabisa.

Ukiamua 3060, kuwa makini dukani. Jina hilo moja linabeba kadi zaidi ya moja. Ipo ya GB 8 iliyotoka mwishoni mwa 2022, ambayo njia yake ya kumbukumbu imepunguzwa hadi biti 128 na kasi imeshuka hadi GB 240 kwa sekunde. Hiyo usilipe bei ya GB 12. Zipo pia kadi zilizotengenezwa kwa chipu ya laptopu kwa ajili ya kuchimba sarafu za kidijitali, zina GB 6 na kori 3840. Muuzaji anaweza kukuonyesha hiyo 3840 kama sifa. Draiva za kawaida huzikataa. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi ulikoma Septemba 2022, na kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Kuchimbia peke yake si hukumu ya kifo kwa kadi. Kinachochoka ni feni na ute wa joto, na hivyo vinabadilishika.

Mwambie muuzaji aichomeke ukiwepo. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Kwa kadi unayoitaka lazima usome kori 3584, kumbukumbu MB 12288, njia ya biti 192, na GB 360 kwa sekunde. GPU-Z ikiitambua kadi ya kughushi huandika neno FAKE mbele ya jina. Ukiliona, aga kwa adabu uondoke. Kisha washa jaribio zito la grafiki kwa dakika 15, ukae hapo hapo. Tazama kama kunatokea nukta za rangi au mistari kwenye skrini, sikiliza feni kama inakwaruza, na soma joto. Kwenye digrii 65 hadi 80 niko na amani. Muuzaji akikwambia hana umeme wa kujaribu au hana muda, mshukuru, nenda duka la pili.

Nitumie modeli ya kamera yako na picha ya ndani ya hiyo OptiPlex kabla hujapanda basi kuja Dar. Nataka kuona plagi za powasapulai zilivyo, na nafasi iliyopo mbele ya sloti.